Hatua ya Saba

Mmeniita nije kuwapa mawaidha ya kazi. Mwalimu wenu amenipa karatasi yenye vichwa vya habari, "ujuzi wa mwandishi wa ofisini", "namna ya kupanda cheo", na mimi nimeikunja nikaitia mkobani. Kupanda cheo siwezi kuwafundisha, sijapanda. Nina miaka kumi na tisa naandika vitabu vya maelekezo ya mashine pale Walu Bay, bandarini Suva, na cheo changu ni kile kile nilichoanza nacho. Kiti nacho ni kile kile, kimebadilishwa gurudumu moja tu. Lakini kuna hatua moja niliiandika, hatua ya saba, ikamvunja mtu mkono. Hiyo nitawaeleza. Anayetaka ya kupanda cheo amsubiri mwalimu.

Mimi ni Unaisi. Kampuni yetu inatengeneza mashine za kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, zinaendeshwa kwa jua, zinakwenda kwenye visiwa visivyo na mto. Si kubwa, ni kama jokofu lililolazwa ubavu. Kila mashine inaondoka bandarini na kitabu chake ndani ya mfuko wa nailoni, na kitabu hicho ni changu. Jina langu halimo. Kwenye jalada kuna jina la kampuni na picha ya tone la maji linalotabasamu, msiniulize lilikuwa wazo la nani. Na ripoti zote za ofisi nilikuwa naandika mimi, kwa sababu mafundi wetu wakiandika barua hata mama zao hawaielewi.

Bosi wetu anaitwa Isikeli, na huyu Isikeli ni mtani wangu. Siyo utani wa kuzoeana kazini, huu ni wa mababu, wa kwao na kwetu. Naweza kuingia jikoni kwake nikabeba sufuria la samaki likiwa bado motoni, na yeye atacheka. Akikasirika, aibu ni yake. Mwaka mpya mmoja nilimmwagia ndoo nzima ya maji akiwa na shati la kanisani, naye akalipiza kwa kuning'iniza viatu vyangu kwenye mlingoti wa bendera, nikarudi nyumbani peku. Kwa hiyo pale ofisini asubuhi alikuwa "Bosi", chai ikishaletwa akawa "Mtani". Hilo mlishike, litakuja kutufaa.

Sasa Jumatatu moja, mvua inanyesha vile vile kama siku zote za Suva, Isikeli akaja akaegemea meza yangu. Chai ilikuwa bado, lakini akaanza na mtani. Nikajua ana shida.

"Mtani, ile mashine ya Vatulutu imeharibika."

"Imefanyaje?"

"Kifuniko cha chujio kimeruka. Kimempiga mama anayeitunza, kifundo cha mkono kimevunjika. Chujio ndiyo basi tena."

"Masikini! Anaitwa nani?"

"Sijui. Andika mtumiaji." Akaniwekea fomu mbele yangu. "Alifungua koki nyekundu pampu inawaka. Boliti ameshazilegeza, pampu inasukuma, halafu anafungua koki! Maji yote yakakimbilia kwenye kifuniko. Na kitabu chako kinakataza, nimekiangalia. Kwa hiyo ripoti fupi tu. Kosa la mtumiaji. Maneno matatu, mtani, ukipenda ongeza tarehe."

Ngoja niwaambie maneno hayo matatu yalikuwa na kazi gani. Kwa mkataba wetu, kosa likiwa letu, fundi anakwenda kisiwani, anatengeneza, mashine inabaki. Kosa likiwa la mtumiaji, mashine inarudishwa Suva, inatengenezwa, inapewa kijiji kingine kilicho kwenye foleni. Vatulutu hawana mto, hawana kisima. Kabla ya mashine walikuwa wakisubiri mvua, na mvua ikigoma wakisubiri boti lenye mapipa. Kwa maneno matatu kijiji kingepoteza maji, na kila mtoto mwenye kiu angeonyeshwa kidole ni nani aliyeyapoteza.

"Kwani haraka ya nini?" nikamuuliza.

"Ijumaa anakuja Bi. Mele." Huyo alikuwa Mtonga, wa visiwa vya Tonga, mkubwa wa shirika lililotaka kununua mashine za visiwa vingine. "Arobaini, mtani! Mashine arobaini! Nimwambie vitabu vyetu vinavunja watu mikono?"

Na mimi, msinione nimesimama hapa kifua mbele, nilianza kuandika. Nilifungua kitabu, nikaitafuta hatua ya saba. Ilisema hivi: "Fungua koki nyekundu baada ya kuzima pampu na kusubiri mshale wa geji ushuke hadi sifuri." Nikaisoma mara mbili. Nikaona haina doa. Nikasema moyoni, huyu mama naye ana lake! Kila kitu kimeandikwa, alitaka nije nimshike mkono?

Kilichonizuia haukuwa wema. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mtumiaji, na mimi nafasi tupu kwenye fomu inanikera kama kokoto kwenye wali. Nikapiga simu Vatulutu.

"Wewe ndiye wa kampuni?" sauti ya mama ikaniuliza, kavu kabisa. "Umechelewa. Nimeshaitwa mjinga na kijiji kizima, umebaki wewe tu."

"Sijakuita mjinga, mama."

"Bado. Jina langu Salanieta. Andika vizuri."

Nikaandika vizuri. Nikampa pole ya mkono, akaipokea bila kusema asante. Halafu nikamuuliza ilikuwaje.

"Nilifanya kama kitabu kinavyosema."

"Mama Salanieta, kitabu kinasema uzime pampu kwanza."

"Hakisemi."

"Kinasema, mama, ninacho hapa mbele yangu."

"Hata mimi ninacho. Wifi! We Vasiti! Lete kile kitabu cha tone linalochekacheka. Msomee huyu mama wa Suva kama ulivyonisomea siku ile."

"Kwani hukusoma mwenyewe?"

"Nisome kwa mikono ipi? Mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, na nyie mmeleta kitabu cheupe kama shuka la harusi. Vasiti anasoma, mimi nafanya. Hapa kila kitu tunafanya hivyo. Cherehani ya akina mama wa kanisa tuliifunga hivyo hivyo, na inashona mpaka leo. Haya, wifi, soma."

Vasiti akasoma. Alisoma kwa sauti ile ya kusoma mbele ya watu kanisani, taratibu, kila kitu kimepewa heshima yake. Hatua ya tano. Hatua ya sita. "Hatua ya saba," akasema. "Fungua koki nyekundu." Akavuta pumzi. Na ndani ya pumzi ile nikamsikia Salanieta pembeni, sauti imeshuka.

"Hapo nilikuwa nimeshafungua."

Vasiti akaendelea kusoma kuhusu kuzima pampu, lakini mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikata simu bila kuaga, nikashuka ngazi mbio mpaka karakana.

Fundi wetu mkuu ni Shiu, mtu wa Labasa, mfupi, ana masikio yanayosikia boliti iliyolegea ukiwa bado mlangoni. Nilimkuta ameinamia mashine ya majaribio, haijaunganishwa hata waya.

"Kaka Shiu, usiniulize kitu. Nitasoma, wewe fanya."

"Nifanye nini?"

"Nimesema usiniulize."

Akacheka, akashika spana. Nikaanza kumsomea kama Vasiti. Hatua sita za kwanza zinataka pampu iwe inawaka, maana chujio linasafishwa kwa maji yanayopita, basi Shiu akabonyeza swichi, akazungusha hiki, akalegeza kile, mikono yake inanifuata neno kwa neno. Nikasema, "Hatua ya saba. Fungua koki nyekundu." Nikavuta pumzi. Koki ilikuwa imeshafunguka.

Shiu akautazama mkono wake. "Mshenzi wewe," akauambia. Halafu akanigeukia. "Dada Una, nina miaka thelathini na moja nashika mashine. Hii nimeiunda mimi mwenyewe. Na umenipata!"

Nilikaa juu ya kreti la vipuri. Nilisikia joto limenipanda mpaka kwenye masikio, na lilikuwa joto la aibu. Kitabu kile tulikijaribu. Lakini tulikijaribu ofisini juu, kiyoyozi kinapuliza, fundi mmoja mwenye mikono misafi anakisoma kwa macho hadi mwisho wa mstari ndipo anafanya. Hatukumjaribu mtu anayesikia. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote, kwa sababu nilipokuwa mdogo mama yangu alikuwa akichanganya dawa ya kuku, mikono yote miwili ndani ya beseni, na msomaji wa karatasi nilikuwa mimi, nimekaa chini nimeuegemea ugoko wake. Nimekulia kwenye kusoma huko. Nilipopata kiti cha ofisini chenye magurudumu nikausahau ugoko ule wa mama yangu.

Haya, hapa ndipo mnaweza kuandika kitu kwenye madaftari yenu. Kabla ya kuandika maelekezo, nenda ukaone nani anayesoma na nani anayefanya. Wakati mwingine si mtu mmoja. Mimi nimelijua hilo kwa mkono wa mtu mwingine, nyie lijueni bure.

Nikapanda kwa Isikeli. Chai ilikuwa imeshaletwa, alikuwa anakula babakau, maandazi yetu yale, za moto, siagi inamchuruzika kidoleni.

"Kosa ni la kitabu," nikamwambia.

"Kitabu kinasema zima pampu."

"Kinasema kwa kuchelewa. Agizo la kuzima limekaa nyuma ya agizo la kufungua. Mtu anayesomewa, mkono wake unaondoka na neno la kwanza. Nimemjaribu Shiu, naye kafungua. Shiu, mtani! Shiu huyu huyu!"

"Shiu anazeeka."

"Nikamwambie?"

Akaacha kutafuna. Na neno mtani likaondoka, likabaki jina tupu. "Unaisi. Kitabu kaandika nani?"

"Mimi."

"Saini ya kukipitisha ni ya nani?"

"Yangu. Na yako, iko chini ya yangu."

"Hiyo usiiandike."

"Nitaiandika."

"Basi huandiki ripoti hii. Nitampa Praneel wa mauzo."

"Praneel? Praneel hawezi kuandika hata kadi ya rambirambi!"

"Maneno matatu ataweza," akasema Isikeli, akajifuta siagi. "Na mkataba wako unaisha mwezi huu, nadhani unakumbuka. Ijumaa wageni wakija, kaa mezani kwako."

Nilitoka mle ndani. Msidanganywe na watu wanaojigamba kwamba walisema ukweli wakajisikia wepesi. Mimi nilianza kupiga hesabu ya mshahara. Nina mama mzee kule nyumbani Nabua, ananitegemea mimi, yeye na dawa zake, na umri wangu huu nani ananiajiri? Nilikwenda chooni nikanawa uso, nikajiangalia kwenye kioo, nikajiambia kwa sauti, "Una, nyamaza tu. Nani atajua?" Halafu nikakumbuka ile pumzi ya Vasiti, nikashikwa na hasira. Nilimkasirikia Isikeli, nikajikasirikia mimi, nikalikasirikia hata lile tone linalotabasamu. Yaani mtu avunjwe mkono na sentensi yangu, halafu sentensi yangu ile ile ndiyo iletwe kama ushahidi dhidi yake? Thubutu!

Nikarudi mezani nikaandika ripoti yangu. Ilikuwa ukurasa mmoja. Jambo kubwa nililiweka juu kabisa, kwa sababu wakubwa hawafiki chini ya ukurasa. Alhamisi nikashuka tena kwa Shiu.

"Kaka, kesho Bosi anawaonyesha wageni mashine?"

"Saa nne, hapa hapa. Mimi ndiye nitaiendesha."

"Naomba iwe na maji ya bomba tu, presha ndogo kabisa. Na kifuniko ukifunge mnyororo, kisiende popote."

Shiu akaweka spana chini. "Unataka kumvunja nani?"

"Sivunji mtu. Nataka mtu alowe."

Akaanza kutafuta mnyororo bila kuuliza zaidi.

Ijumaa saa nne wageni wakateremka karakana. Bi. Mele alikuwa mama mnene mwenye heshima zake, mkeka umefungwa kiunoni kama desturi ya kwao, na nyuma yake maofisa wawili wenye madaftari. Isikeli amevaa shati jipya la maua. Praneel ameshika faili, ndani yake ripoti yake ya maneno matatu. Mimi nilikuja na sinia la chai, maana mwenye sinia hafukuzwi. Nikaliweka juu ya kreti, nikatoa kitabu mfukoni.

"Bosi," nikasema, "wageni wangependa kuona kama mashine ni rahisi. Shiu ni fundi, kwake kila kitu ni rahisi. Kwa nini usiiendeshe wewe, mimi nikakusomea?"

Alinikata jicho. "Unaisi, si wakati wake."

"Ee, mnaona?" nikawageukia wageni. "Huyu ni mtani wangu. Watu wa kwao wanauza mashine, kuzishika wanaziogopa. Mikono yao imezoea kushika sahani."

Maofisa wakacheka. Bi. Mele naye akacheka, tumbo likatikisika. Kwao Tonga wana mambo kama haya, alishaelewa. Na mtani akichokozwa mbele ya watu hawezi kurudi nyuma, hata awe bosi wa dunia.

"Mimi niogope?" Isikeli akakunja mikono ya shati. "Hii mashine naijua kama mfuko wangu. Soma wewe! Na usome vizuri, kwenu shule ilifika juzi."

Nikasoma. Sikuharakisha, sikuchelewesha, nilisoma kama Vasiti. Hatua ya kwanza, akabonyeza swichi, pampu ikanguruma. Ya pili, ya tatu. Alikuwa anafurahi, anawaelezea wageni huku anafanya. Ya nne, ya tano. Ya sita, akalegeza boliti, grisi ikampaka, akaangalia shati lake. Nikafunua ukurasa.

"Hatua ya saba," nikasema. "Fungua koki nyekundu."

Nikavuta pumzi.

Maji yakamvaa kifuani, yakampanda usoni, yakamtoka kwenye nywele. Kifuniko kikagonga mnyororo, ngwa! kikabaki hapo kinatapika maji pande zote. Praneel akarukia juu ya kreti na faili lake. Shiu akazima pampu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayezima redio.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Isikeli mwenyewe akacheka, na hapo nikaona ujanja wake unakuja. Akanyoosha mikono, maji yanadondoka, akawaambia wageni, "Mmeona watani wetu walivyo? Kila mwaka lazima animwagie maji huyu! Safari hii ameona asingoje mwaka mpya!" Wageni wakazidi kucheka. Mmoja akampa leso. Nikaona jambo langu lote linaondoka na kicheko, dakika moja tu na tungekuwa tunakunywa chai.

"Hili si la utani," nikasema.

Hawakusikia. Nikarudia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mahali pa kazi. "Isikeli! Hili si la utani. Leo mimi si mtani wako."

Kicheko kikakatika. Kwetu mtu hasemi neno hilo ovyo.

"Sijamaliza kusoma," nikaendelea. "Hatua ya saba yote inasema hivi. 'Fungua koki nyekundu baada ya kuzima pampu na kusubiri mshale wa geji ushuke hadi sifuri.' Wewe ulifungua nilipofika wapi?"

Isikeli alikuwa anaitazama koki.

"Bi. Mele," nikasema, "pale Vatulutu kuna mama anaitwa Salanieta. Alisomewa kama nilivyosoma, akafanya kama alivyofanya bosi wetu. Tofauti ni kwamba pampu yake ilikuwa na presha yote na kifuniko chake hakikuwa na mnyororo. Amevunjika mkono."

Bi. Mele hakuwa anacheka tena. "Na ripoti imesemaje?" akauliza. Akamnyooshea Praneel mkono, Praneel akamtazama Isikeli, kisha akatoa karatasi. Bi. Mele hakuisoma. Alimpa Isikeli. "Nisomee wewe," akasema, kwa upole kabisa.

Isikeli akaishika karatasi kwa vidole vilivyolowa. Maji ya nywele zake yakadondokea wino. "Sababu ya ajali," akasoma, "kosa la..." Akaifuta karatasi kwa kiganja, wino ukazidi kutapakaa. Nitakuwa mwongo nikisema sikumwonea huruma, lakini sikumsaidia.

"La nani?" Bi. Mele akauliza.

"La mtumiaji," akasema Isikeli, na sauti ilikuwa ndogo.

Mimi nikatoa ukurasa wangu, nikampa Bi. Mele. Mstari wa kwanza ulisema: "Kosa ni la kitabu. Kitabu niliandika mimi, Unaisi Naulu, na nikakipitisha kwa saini yangu." Mstari wa pili ulitaja saini ya Isikeli. Wa tatu ulisema mashine ibaki Vatulutu na itengenezwe kwa dhamana yetu. Akasoma hadi chini, tena polepole, midomo inacheza. Akamrudishia Isikeli.

"Hii ndiyo ripoti," akasema. "Weka saini. Zile arobaini tutazungumza kitabu kikishaandikwa upya, na kiandikwe kisiwani, si katika jengo hili."

Isikeli akaweka saini ikiwa na matone.

Mnauliza nilifukuzwa? Sikufukuzwa, na mkataba ukatiwa saini tena. Nilipewa barua ya onyo, kwa kumdhalilisha mkubwa wa kazi mbele ya wageni. Na kwa kuwa hakuna mwingine pale ofisini anayeweza kuandika barua inayoeleweka, Isikeli alikuja mezani kwangu, akakohoa kidogo, akaniomba niiandike mwenyewe. Niliiandika vizuri sana. Onyo nililiweka juu, sababu chini. Akaisoma akasema ni kali mno, nikamwambia asiharibu kazi yangu. Siku ya tatu chai ilipoletwa akaniita mtani tena, nikaitika.

Baada ya wiki mbili nikapanda boti kwenda Vatulutu pamoja na Shiu na chujio jipya. Nilifika na fungu la yaqona, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, la kuomba radhi, nikaliweka mbele ya wazee, nikasema kosa langu kabla ya la kampuni, na nikasema jina la Salanieta kwa sauti ili hata walio nje ya mlango wasikie. Wazee wakapiga makofi ya kupokea. Salanieta alikuwa amekaa upande wa akina mama, mkono umefungwa plasta ngumu. Hakutabasamu hata kidogo.

Kesho yake asubuhi, Shiu alipomaliza kufunga chujio, Salanieta akaja kwenye mashine akiwa na kile kitabu cha zamani. Akafunika sola kwa turubai, akahakikisha mwenyewe kwamba pampu haipati umeme, akaikagua mara ya pili. Halafu akanisukumia kopo la grisi kwa mguu.

"Jipake," akasema. "Mpaka kwenye viwiko."

"Mama, mimi nimekuja kuandika kitabu kipya."

"Utaandika. Jipake kwanza. Leo nasoma mimi."

Nikajipaka. Vasiti na akina mama wengine wakakusanyika, watoto wakapanda juu ya tangi. Salanieta akakishika kitabu kwa mkono mzima, akasoma bila haraka, macho hayatoki kwenye karatasi. Spana ilikuwa inateleza mikononi mwangu, boliti ya pili ilikuwa imekaza, jasho limeniingia jichoni. Nilikuwa naipigania hiyo boliti. Ikakubali. Nikasikia ananisomea hatua ya saba. Akavuta pumzi.

Mkono wangu ulikuwa kwenye koki nyekundu, na koki ilikuwa wazi. Mimi niliyeiandika. Mimi niliyejua, niliyemlowesha bosi kwa ajili yake.

Hakuna aliyecheka, hata watoto. Salanieta akafunga kitabu, akanipa kitambaa cha kufutia mikono, kisha akanipa kalamu.

"Haya," akasema. "Sasa andika."